Siku ya mavuno shamba la kilimo hai karibu na Lüneburg: nimpeleke mama na binti yangu?

Mama Nuru, Hamburg

Habari zenu wanajukwaa. Nawauliza hasa mliokaa Ujerumani muda mrefu, au mnaofanya kazi za shamba.

Binti yangu ana miaka 7. Wiki iliyopita alirudi kutoka shuleni na tangazo: Jumapili ya pili ya Oktoba kuna siku ya mavuno kwenye shamba la kilimo hai upande wa Lüneburg. Wageni wanaingia shambani wenyewe, wanaokota viazi, wanakata maboga, wanang'oa karoti, mchana kuna moto na supu. Mtu mzima yuro 8, mtoto yuro 4, na kila familia inaondoka na kilo 5 za viazi.

Mume wangu hataki hata kusikia. "Tangu lini mtu akatoa hela ili akavune shamba la mwenzake?" Siwezi kumlaumu. Nimekulia Lushoto. Kwetu ukiita watu wakusaidie kuvuna, wewe ndiye unayepika, na jioni hakuna anayerudi mikono mitupu. Kulipishwa ndiyo kwanza nasikia huku.

Ila huyu mtoto ameniuliza viazi vinaning'inia kwenye mti gani. Mjukuu wa mkulima wa viazi! Nilikaa kimya, iliniuma. Na bibi yake huyo huyo yuko hapa, amekuja kututembelea kwa miezi 3. Ana miaka 68, amelima viazi na kabichi tangu hajaolewa. Toka afike, mchana kutwa yuko dirishani ghorofa ya 4, mikono mapajani. Nilipomsomea tangazo alinyanyuka kitini. Udongo wao ukoje? Wanapanda mbegu gani? Wanafukua kwa jembe au kwa mashine? Sikuwa na jibu hata moja.

Naomba mnisaidie. Haya ni mavuno kweli au ni maonyesho ya watoto wa mjini? Mama goti la kulia linamsumbua, ataweza? Tuvae nini? Na nitajuaje kwamba ni kilimo hai kweli na si jina tu?

Bandarini_Altona

Dada, mimi niliwapeleka wanangu mwaka juzi, shamba jingine, jina siliweki hapa. Nilirudi na kinyongo. Viazi tulivikuta vimelala juu ya udongo, vimeshatolewa, kazi yetu ikawa kuinama na kuokota. Mwanangu mkubwa akaniambia, "Baba, hivi wamevimwaga." Maboga nayo yalikuwa yamepangwa juu ya majani makavu, watu wapige picha. Tulilipa, tukala supu, tukarudi. Kama mama ni mkulima wa kweli, nahofia atajiona amedanganywa. Wapigie simu kwanza, uwaulize: tutachimba wenyewe au la?

Mbena_wa_Mchangani

Dada, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu.

Mimi ni mtu wa Njombe, na huu ni mwaka wangu wa 6 nafanya kazi kwenye shamba la kilimo hai huku huku kwenye mchanga wa Lüneburg. Tangazo lako huenda si la kwetu, maana siku hizi mashamba mengi yanafanya jambo hili, hasa kuanzia Jumapili ya kwanza ya Oktoba ambayo ndiyo sikukuu yao ya kushukuru mavuno. Lakini siku za namna hiyo nimesimamia nyingi, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Nianze na kaka wa Altona. Kaka, inawezekana kabisa viazi havikumwagwa. Nyuma ya trekta tunafunga chombo kinachoingia chini ya tuta, kinalinyanyua zima zima, kinalipitisha kwenye mnyororo wa vyuma unaotikisika. Udongo unadondoka katikati ya vyuma, viazi vinatoka nyuma na kulala juu ya ardhi. Ndivyo tunavyovuna hata siku isiyo na mgeni, halafu watu wanapita wanaokota. Viazi vilivyofukuliwa hivyo utavikuta vimelala kwa mstari kufuata tuta, vikubwa na vidogo kama gololi pamoja, na mashina makavu yamechanganyika humo. Vilivyomwagwa vinalala rundo, na vyote vinalingana, kwa sababu vimeshapita kwenye chekecheo. Hicho ndicho cha kuangalia. Na kwa nini hatuwapi wageni uma wa kuchimbia? Tulishawapa. Mtu asiyezoea anauchoma katikati ya tuta, kila pigo anatoboa viazi viwili vitatu, na kiazi kilichotobolewa hakifiki Desemba. Maboga ya kupiga picha hayo siyatetei.

Hata hivyo dada, omba. Siku kama hiyo huwa tunaacha kipande cha tuta ambacho mashine haijapita, kwa ajili ya wanaotaka kufukua kwa mikono. Mwambie msimamizi mapema kwamba unakuja na mkulima. Nina hakika hatakukatalia.

Sasa la mume wako. Hajakosea. Kwetu Njombe ukiitisha mgowe, yaani kazi ya kusaidiana shambani, pombe na chakula ni juu yako, na aliyekuja kwako leo kesho unakwenda kwake. Mimi pia mwaka wa kwanza niliona aibu kusimama getini nachukua hela za watu wanaokuja kushika kazi yangu. Nimebadili mawazo kwa kuona hesabu inavyokwenda. Wakija wageni 60, siku hiyo kazi hairuki mbele, inarudi nyuma. Matuta ambayo sisi wanne tunayamaliza kabla ya chai, wao wanayafikisha alasiri, na Jumatatu asubuhi napita nyuma yao na kreti kuokota waliyoyaacha. Watu watatu wa shamba wanakuwa walimu kutwa nzima. Kwa hiyo ile yuro 8 sio bei ya viazi. Unalipia watu walioacha kazi yao wakufundishe.

Na mimi hiyo siku naipenda, nasema kwa moyo wangu wote, kwa sababu ya mambo ambayo huwezi kuyaandika kwenye mfuko wa dukani. Juni na Julai mbawakavu wa viazi, yule mwenye mistari myeusi na njano, anataga mayai chini ya majani, na mabuu yake mekundu yanaweza kuacha shina tupu. Sisi tunapita na ndoo tunawaokota kwa mkono. Wakizidi, tunapuliza dawa iliyotengenezwa kwa mbegu za mwarobaini. Ndiyo, mwarobaini wetu huu huu, umekubaliwa kwenye kilimo hai cha Ulaya. Mvua ikikazana Julai baka linaingia, ule ugonjwa wa ukungu, na ndani ya wiki moja shamba la kijani limegeuka jeusi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu kupuliza shaba kidogo kuzuia baka, isizidi kilo 28 kwa hekta katika miaka 7, lakini shambani kwetu hatupulizi shaba kwenye viazi hata gramu. Baka likiingia mapema, viazi vinabaki vidogo, na ndivyo tunavyouza. Mgeni akishapiga magoti kwenye tuta, akafukua shina zima akapata viazi vinne, hapo ndipo namweleza Julai ilikuwaje. Ananielewa, kwa sababu amevishika.

Mlete mtoto pia kwa sababu hii: wazee wa hapa likizo ya shule ya Oktoba bado wanaiita Kartoffelferien, likizo ya viazi. Zamani watoto walifungiwa shule ili wakaokote viazi. Kwa hiyo hakuna mtu atakayemshangaa mtoto mwenye matope mpaka kiunoni.

Kuhusu goti. Mama asiiname kwenye mistari. Aombe kreti, aigeuze, akae, mguu mmoja aunyooshe. Au akae kwenye meza ya kuchambua. Pale kila mwaka tunapungukiwa watu wenye jicho: kutenga vilivyojikata, vyenye madoa, vilivyogeuka kijani kwa kupigwa na jua. Vya kijani havirudi jikoni, vina sumu. Na mwoneshe mtoto jinsi ya kujua kiazi kimekomaa: sugua ngozi kwa kidole gumba. Ikichubuka, bado. Ikikaza, kinaweza kulala ghalani mpaka majira ya kuchipua. Sisi tunasubiri wiki mbili tatu baada ya mashina kukauka ndipo tunafukua.

Maboga, tafadhali, tafadhali. Mwaka wangu wa pili nilikabidhiwa kundi la watoto kwenye maboga yale madogo ya rangi ya chungwa, yanayoliwa na ganda lake. Niliwaambia tu, "Haya, chukueni." Wakayabeba kwa kikonyo kama ndoo na mpini wake. Vikonyo vikakatika, mimi nikaona ni jambo dogo. Desemba mwenye shamba aliniita ghalani. Hakunigombeza. Alinionesha kreti 11, na kwenye kila boga lisilo na kikonyo kulikuwa na duara laini la kahawia pale juu, uozo umeshaingia. Nilizimwaga mwenyewe kwenye mboji. Tangu hapo, mtoto hashiki kisu kabla hajanionesha jinsi ya kubeba boga: mikono miwili, chini, kama unavyobeba mtoto mchanga.

Kuvaa: buti za mpira, soksi mbili, suruali isiyo na thamani, koti la mvua hata kama anga ni safi. Asubuhi inaweza kuwa nyuzi 5, saa saba mchana mkavua masweta. Jioni mkague mtoto nyuma ya magoti na kwapani, kupe bado wapo Oktoba. Kama kuna miti ya matofaa, angalieni nyigu kwenye yaliyoanguka.

Na kilimo hai cha kweli: tafuta alama ya kijani yenye jani lililochorwa kwa nyota nyeupe, na chini yake namba inayoanza na DE-ÖKO. Hiyo namba ni ya taasisi inayolikagua shamba. Omba kuona cheti, hilo sio tusi. Shamba la mboga linapaswa kukaa miaka 2 bila dawa wala mbolea za kiwandani kabla ya kupandwa zao litakaloitwa kilimo hai, miti ya matunda miaka 3 kabla ya kuvunwa.

Mama ameuliza mbegu. Huku ukisikia mtu anataja Linda kwa mapenzi, usishangae. Ni kiazi cha nyama ya njano, hakipasuki kikichemshwa, kiliandikishwa 1974. Haki ya mwenye mbegu ya miaka 30 ilipokaribia kwisha 2004, kampuni iliyoimiliki ikaiondoa kwenye orodha ya mbegu zinazoruhusiwa kuuzwa. Wakulima wa eneo hili wakaipigania, na mwaka 2010 ikarudi orodhani Ujerumani. Sisi tunaipanda mwishoni mwa Aprili. Mwambie mama tu asije akavificha viazi vitano kwenye sanduku akavipande Lushoto. Kiazi hubeba magonjwa ya udongo, na bila cheti cha afya ya mimea hakiruhusiwi kuvuka. Namsema kwa sababu mama yangu mimi alijaribu.

Mgeta_Mboga

Naandika kutoka Morogoro. Mkuu wa Njombe, umenifungua macho. Sisi huku juu Uluguru tuko kikundi cha wakulima wa mboga, tunatumia alama ya Kilimohai, ile ya kiwango cha Afrika Mashariki kilichopitishwa 2007, na tunakaguana wenyewe kwa wenyewe. Wateja wetu wa mjini wananunua karoti, hawajawahi kuona ngazi tulizochimba mlimani ili udongo usiporomoke. Tunafikiria kuwaita siku moja. Niambie kitu kimoja: ungeanza na zao gani?

Mbena_wa_Mchangani

Karoti, mkuu. Zinang'oka na furaha yake ni ya papo hapo. Ila tikisa udongo kwa uma kwanza, la sivyo majani yanabaki mkononi na karoti inabaki chini. Anza na watu 15, usizidishe. Na kipande cha shamba cha siku hiyo ukitenge kabisa, usiwaachie shamba zima.

Mama Nuru, Hamburg

Wapendwa, tumerudi. Ilikuwa juzi Jumapili.

Mume wangu alikuwa zamu, tulikwenda watatu. Ukungu ulikuwa mzito mpaka saa nne. Mama alivaa koti langu la baridi, juu yake akafunga khanga yake kiunoni kwa nguvu, kama anavyofunga akiwa nyumbani. Tulipofika shambani hakutazama watu. Aliinama akachukua udongo, akaufikicha, akaunusa, akasema, "Huu mchanga unakula samadi." Nikamtafsiria msimamizi, mama mmoja wa makamo. Yule mama akacheka kwa furaha, akasema ndiyo, miaka miwili wanapanda majani ya mifugo pale, ya jamii ya maharage, na samadi juu yake, ndipo vinakuja viazi. Kuanzia hapo nikawa mkalimani, sikupumzika.

Kaka wa Altona, nilikumbuka maneno yako na ya Mbena. Vilikuwa mstarini, na vidogo kama gololi vilikuwemo.

Niliomba lile tuta la mkono. Wakatupa. Mama alikaa kwenye kreti iliyogeuzwa, mguu wa kulia ameunyoosha, mikono miwili akaipitisha pembeni mwa tuta taratibu. Hakuvuta. Alipapasa kwanza, macho ameyainua, hatazami chini kabisa. Kisha akanyanyua na tuta likafunguka lote mara moja. Viazi tisa. Binti yangu alipiga kelele. Katikati ya vile tisa kulikuwa na kimoja kilichosinyaa, cheusi, laini kama mfuko mtupu. Mtoto akataka kukitupa. Mama akamzuia, akakiweka kwenye kiganja chake: "Huyu ndiye mama yao. Alipandwa yeye, hawa wote wametoka kwake." Binti yangu alikitazama muda mrefu, akakirudisha shimoni, akakifukia.

Nilijifunza jambo jingine. Mama alinyamaza wakati wa supu, nikadhani amechoka. Kumbe alikuwa anahesabu. "Kwetu mwezi huu tunangoja vuli, watu wako shambani wanapanda. Hawa ndiyo wanafunga." Neno vuli nimelitumia huku miaka yote kwa majira ya majani kudondoka, sikuwahi kusimama hapo.

Mchana walichoma mashina makavu ya viazi, wakafukia viazi kwenye majivu. Kumbe na wao ni desturi yao ya zamani. Mama alivigeuza kwa kijiti, akawa anawagawia watoto wa watu, anawapulizia kwanza. Mezani kwenye kuchambua alikaa zaidi ya saa nzima, na alitoa vya kijani ambavyo wengine walivipitisha. Maboga tuliyabeba kama watoto wachanga, Mbena.

Sitaficha, kulipa bado kunanikaa vibaya kidogo. Nilitoa yuro 20 getini na mama aliona. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Hawa wamekosa nini mpaka wageni wanawachangia?" Nilimweleza yale uliyoandika kuhusu Jumatatu kuokota nyuma yetu. Akasema basi tungebaki tukawaokotea.

Goti lilivimba kidogo jana, leo amelichua kwa mafuta, anatembea. Viazi tumevitandaza kwenye gazeti chumba cha chini, gizani, bila kuviosha. Sanduku nimeshalikagua.

Mbena_wa_Mchangani

Dada, nimesoma mara mbili.

Alhamisi tunachambua viazi ghalani. Tuko wanne tu, kuna hita na kuna viti. Kama mama bado yupo na goti limetulia, mlete saa tatu. Hakuna tiketi wala geti. Mchana napika mimi, nina unga wa ugali. Anuani nakutumia kwa ujumbe wa faragha.